SOMO: LORI LA DIZELI LINALOTETEMEKA NA KUKATAA KUWAKA

Sharika nyingi zimejaliwa kuwa na lori, na nyingine zimechanga pamoja na jirani zao kununua moja. Lori hilo huchukua mahindi na saruji, mabati na mbao, na mara kwa mara, usiku wa manane, humchukua mgonjwa asiyeweza kungoja kuche. Kwa hiyo lori likikataa kuwaka si neno la dereva peke yake. Ni neno la usharika wote, na tena ni neno la hazina, kwa maana shauri la kwanza linaloletwa mbele ya wazee huwa hili: pampu imekufa, yatakiwa pampu nyingine. Nayo pampu ya dizeli ni kitu cha thamani kubwa, yaweza kumeza sadaka za miezi mingi. Twaandika somo hili ili wazee na madereva wajue mambo yapasayo kutazamwa kabla fedha haijatoka mkononi mwa mtunza hazina.

Twasema habari za lori la namna ya zamani, ambalo pampu yake huendeshwa na gia za injini, wala halina kompyuta. Malori ya namna hiyo, Isuzu na Mitsubishi Fuso na mengineyo, yangali mengi katika njia zetu. Habari za malori mapya tutazigusa mbele kidogo, kwa kuwa yana hatari yake.

Mtu aliyebuni injini hii ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa mjini Paris mwaka 1858. Na injini yake iliyofanya kazi vema ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Akili yake ilikuwa hii. Katika injini ya petroli mna plagi inayotoa cheche na kuwasha moto. Katika injini ya dizeli hamna cheche. Pistoni hupanda na kuigandamiza hewa iliyomo katika silinda mpaka iwe ndogo mara 16, au hata mara 22, kuliko ilivyokuwa. Mtu yeyote aliyejaza upepo katika tairi la baiskeli ajua ya kuwa pampu ya mkono hupata moto; ndivyo ilivyo na hewa hii, nayo hupata moto wa digrii 500 na zaidi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli ndani kama umande mwembamba, na dizeli huwaka yenyewe. Tena injini hii haikuwa na kiburi cha chakula: katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 mojawapo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini hilo lisimfanye mtu kwenda jikoni kutafuta mafuta ya kutia katika lori la usharika.

Basi, injini ya dizeli yadai mambo mawili. La kwanza ni hewa ya kutosha, iliyogandamizwa kwa nguvu na kwa upesi. La pili ni mafuta safi, yasiyochanganyika na maji wala hewa, yaliyonyunyizwa kwa wakati wake. Injini inayotetemeka inakosa mojawapo ya hayo katika silinda moja au mbili, au yalipata kwa kukatika-katika. Injini isiyowaka kabisa inalikosa katika silinda zote. Kwa hiyo lori lililotetemeka majuma mawili kisha likakataa kuwaka, mara nyingi halina magonjwa mawili. Ni ugonjwa mmoja uliokua.

Mganga mwema hamchomi mgonjwa sindano kabla ya kumwuliza. Vivyo hivyo, kabla ya kushika spana, dereva aulizwe kwa upole, wala si kama mtu aliyeshitakiwa. Je, neno hili lilianza ghafla, au pole pole? Mafuta ya mwisho yalinunuliwa wapi, nayo yalitoka katika kituo au katika pipa? Chujio lilibadilishwa lini? Je, kuna kitu kilichofunguliwa hivi karibuni, hata kama ni nati moja? Lori huwaka vibaya asubuhi tu, au hata likiwa na moto? Likipanda mlima lapoteza nguvu? Kila jibu lina maana yake. Likianza ghafla baada ya kutia mafuta, shaka iwe juu ya mafuta. Likianza baada ya fundi kufungua kitu, shaka iwe mahali pale alipofungua. Likiwa lapungukiwa nguvu mlimani siku baada ya siku, chujio linaziba. Likiwa laenda vema mchana lakini asubuhi haliwaki, yafaa kuwaza juu ya hewa, au baridi, au betri.

Kisha tazameni moshi. Mtu mmoja azungushe stata, na mwingine asimame kando akiangalia bomba la moshi. Ikiwa hautoki moshi hata kidogo, basi mafuta hayafiki katika silinda, na hapana haja ya kubishana juu ya neno jingine mpaka yafike. Ikiwa watoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yafika lakini hayawaki: ama joto halitoshi, ama injini yazungushwa kwa uvivu, ama mafuta yaja kidogo kidogo pamoja na hewa. Moshi mweusi injini iendapo ni dalili ya mafuta kuizidi hewa. Yawezekana chujio la hewa limeziba, au nozeli yatiririsha mafuta badala ya kuyanyunyiza. Moshi wa rangi ya samawati ni oili inayoungua. Alama hizi hazigharimu hata senti moja, wala hazihitaji chombo, ila macho.

Juu ya stata twasema machache. Injini iliyo baridi yataka kuzungushwa kama mara 150 kwa dakika au zaidi. Ikizungushwa pole pole, hewa huvuja kando ya pistoni na joto hupotea katika chuma kabla mafuta hayajaingia. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi ikiwa imetulia, na malori mengi yana betri mbili zilizounganishwa kupata volti 24. Stata ikizunguka, kila betri isishuke chini ya volti 10. Asiye na kipimo ashike vichwa vya betri kwa vidole mara tu baada ya kuzungusha stata na kuzima: kichwa kilichopata moto kimelegea au kimeota ukungu, nacho kifunguliwe, kikwanguliwe na kukazwa. Msisahau mwisho wa pili wa waya mweusi, pale unaposhikana na chasisi, kwa maana kutu hupenda mahali pale pasipoonekana. Stata isizungushwe zaidi ya nusu dakika kwa mara moja. Ipumzishwe dakika mbili, ama sivyo itaungua, na usharika utakuwa na matengenezo mawili badala ya moja.

Lakini kuna onyo. Ikiwa stata yagonga na kusimama ghafla, kana kwamba injini imeshikwa na mkono, acheni mara moja. Yawezekana maji au mafuta yamejaa katika silinda, nayo hayagandamiziki. Mtu akilifunga lori hilo kamba na kulivuta kwa gari jingine ili liwake kwa nguvu, atapinda fimbo ya pistoni na kuiharibu injini nzima.

Ikiwa stata yazunguka vema na moshi hautoki, tazameni kwanza kizimio. Malori mengine huzimwa kwa kuvuta waya. Waya huo ukikwama pale ulipovutwa, mafuta hayapiti, na watu watahangaika kutwa nzima. Mengine yana kifaa kidogo cha umeme juu ya pampu, ambacho hufungua njia ya mafuta ufunguo uzungushwapo. Mmoja aweke kidole juu ya kifaa hicho na mwingine afungue swichi: yapasa kusikika mgongo mdogo, tik. Usiposikika, ama waya umekatika, ama fyuzi imeungua, ama kifaa chenyewe kimekufa. Hapo pampu imehukumiwa bure, nayo haina kosa.

Baada ya hayo twende tangini. Yapasa kujua kwanza kama mafuta yamo. Wala msicheke, kwa maana mshale wa kipimo huongopa kuliko wanadamu wengi. Ingizeni kijiti safi. Kisha fungueni kifuniko na kusikiliza. Tangi lina tundu dogo la kuingizia hewa, ili mafuta yakitoka hewa iingie mahali pake. Tundu hilo likizibwa na matope au na nyigu, mafuta huvutwa kwa shida, lori hutetemeka, kisha huzimika njiani. Likipumzishwa robo saa huwaka tena na kwenda maili chache, na watu husema lina pepo. Kifuniko kikifunguliwa na sauti ya kufyonza ikasikika, ugonjwa umepatikana.

Chini ya tangi na chini ya chujio kuna skrubu ya kutolea maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Fungueni kidogo, mpokee katika chupa nyeupe ya kioo, muiache itulie. Maji yataonekana chini kwa mstari ulio wazi, na uchafu juu ya mstari huo. Kama hakuna maji lakini chujio limepita siku zake, libadilishwe. Katika vitu vyote vya lori hilo ndilo rahisi, nalo ndilo linaloachwa kuliko vyote. Tumepata kuona chujio lililooshwa kwa petroli na kurudishwa mara tatu. Chujio la karatasi likioshwa hupasuka ndani, na uchafu wake wote hwenda moja kwa moja katika pampu na nozeli. Fedha iliyookolewa hapo italipwa mara nyingi.

Sasa twafika penye kiini cha somo, yaani hewa katika mafuta. Watu wengi hawaamini ya kuwa kitu chepesi kama hewa chaweza kulishinda lori la tani saba. Sababu yake ni hii. Mafuta hayakubali kugandamizwa. Pampu ikiyasukuma upande mmoja, nguvu yafika upande wa pili papo hapo, na nozeli yafunguka. Nozeli ya namna ya zamani hufunguka kwa nguvu ya bar 200 hivi, hali tairi la lori hujazwa bar 7 au 8 tu. Lakini povu la hewa likiwa katikati, pampu ikisukuma, povu hunywea. Pampu ikiacha, povu hutanuka tena, kama godoro linaloketiwa na kuachwa. Nguvu yote imeishia katika povu. Nozeli haikufunguka, na silinda ile haikupata kitu. Povu moja hutetemesha injini. Mapovu mengi huizima.

Tena hewa ina ujanja wake. Bomba linalotoka tangini mpaka kwenye pampu ndogo ya kuvutia halisukumi mafuta, ila layanyonya. Kwa hiyo likiwa na ufa, injini iendapo hayatoki mafuta, bali hewa yaingia. Mtu atalala chini ya lori akitafuta tone, asilione, aseme kila kitu ni kizima.

Katika usharika mmoja wa milimani, ambao hatutautaja kwa jina, lori lilianza kutetemeka kila asubuhi. Likawa lawaka kwa shida, mwisho likakataa, nalo limepakiwa mabati ya zahanati, na masika yamekaribia. Fundi aliyeitwa alisikiliza kidogo akasema pampu imekufa. Mzee mmoja akasema dereva ameuza dizeli na kuongeza mafuta ya taa. Baraza likakutana mara mbili, na mashauri yakawa mawili: fedha iliyowekwa kwa sakafu ya kanisa itolewe kununua pampu, na dereva aachishwe kazi. Dereva yule, mwenye watoto watano, hakuwa na neno la kujitetea, ila alisema ya kwamba lori likilala limeelekea bondeni huwaka vizuri, na likilala limeelekea mlimani haliwaki. Wengi waliona ni maneno ya mtu aliyebanwa. Lakini mwalimu wa shule aliyekuwa katibu wa baraza aliuliza: kama pampu imekufa, yajuaje jinsi lori lilivyolala?

Hilo lilikuwa swali jema. Lori likielekea bondeni, tangi huwa juu kuliko injini, na mafuta hubaki mabombani. Likielekea mlimani, injini huwa juu, na penye ufa hewa huingia usiku kucha, mafuta yakirudi tangini pole pole. Wakaleta dumu safi la dizeli, wakalifunga imara mahali palipo juu kuliko injini, mbali na bomba la moshi. Wakachomoa bomba la tangi kwenye pampu ya kuvutia, wakaunganisha mpira kutoka dumuni, na bomba la kurudishia mafuta wakaliingiza katika dumu hilo hilo. Wakatoa hewa. Lori likawaka mara ya pili ya kuzungusha stata, likatulia bila kutetemeka. Kwa jaribio hilo moja pampu ilionekana kuwa nzima, nozeli nzima, injini nzima. Ugonjwa ulikuwa kati ya tangi na pampu. Wakafuata bomba kwa mikono mpaka mahali mpira ulipobanwa juu ya chasisi, na upande wa chini, usioonekana, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Wakanunua mpira wa urefu wa mkono na vibanio viwili. Wazee walimwomba radhi dereva mbele ya baraza, na sakafu ikamwagwa baada ya masika. Twalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu Amri ya Nane, kama tulivyoisoma katika Katekisimo, yavunjwa hata kando ya lori bovu, na mara nyingi huvunjwa na watu wasiojua jinsi bomba la mafuta linavyofanya kazi.

Hata hivyo mafuta kuchanganywa si hadithi. Hapo zamani mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wenye tamaa waliyachanganya. Ndiyo sababu serikali ya Tanzania ilianza kutia alama katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi vyuma vya pampu, nayo huila pole pole. Lakini hilo lathibitishwa kwa kupima mafuta, wala si kwa kuutazama uso wa mtu.

Kutoa hewa ni kazi iwezayo kufanywa na dereva yeyote aliye mwangalifu. Lori lisimame mahali sawa, breki ya mkono ikazwe, mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu, na pasiwe na sigara wala moto karibu. Legezeni skrubu iliyo juu ya chujio, kiasi cha mzunguko mmoja, kisha mpige pampu ndogo ya mkono. Kwanza yatatoka mapovu meupe kama ya sabuni. Endeleeni mpaka mafuta yatoke safi bila povu hata moja, kisha kazeni skrubu huku mkono ungali ukipiga pampu. Fanyeni vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu kuu. Ikiwa bado haliwaki, legezeni kidogo nati za mabomba ya chuma pale yanapoingia katika nozeli, mzungushe stata mpaka mafuta yatoke kwa kurukaruka katika kila moja, halafu mzikaze. Ikiwa baada ya siku mbili hewa imerudi, msiridhike kuitoa tena na tena. Hewa hiyo ina mlango, na yapasa kuutafuta: mpira, kibanio, pete ya chujio iliyokatika, au washa ya shaba iliyochoka.

Lori likiwaka lakini likaendelea kutetemeka, kuna njia ya kujua silinda iliyo mgonjwa. Injini ikienda pole pole, mtu avae miwani na kushika kitambaa, alegeze nati ya bomba la nozeli moja, kisha aikaze na kwenda ya pili, mpaka zote ziishe. Penye silinda nzima, nati ikilegezwa sauti ya injini itashuka, maana mfanyakazi mmoja ameondolewa. Penye silinda mgonjwa, sauti haitabadilika. Huyo hakuwa akifanya kazi tangu mwanzo. Hapo injini ikizimwa na kupoa, nozeli ile ibadilishane mahali na ya jirani yake, kwa washa mpya na mikono safi. Ugonjwa ukihama pamoja na nozeli, basi nozeli ndiyo mbovu, nayo ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia. Ukibaki palepale, tazameni valvu, au pete za pistoni, au gasketi. Gasketi iliyoungua hujitambulisha yenyewe: maji ya rejeta hupungua bila kuvuja, au oili katika kijiti cha kupimia huwa nyeupe kama maziwa. Kazi hiyo si ya kando ya njia.

Jihadharini sana na mafuta yanayotoka kwa nguvu. Mkono usiwekwe kamwe mbele ya bomba au nozeli inayorusha. Mafuta hayo hupenya ngozi bila maumivu makubwa, na jeraha huonekana kama mchomo wa sindano. Lakini ndani huharibu nyama, na mtu aweza kupoteza kidole au mkono. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali saa ile ile, hata akisema hajambo.

Ndugu zetu wa Njombe na Makete, ambako mwezi wa Juni na wa Julai umande huganda, wana taabu nyingine. Chuma kilicho baridi hunyang'anya hewa joto lake. Injini nyingi zina plagi za kupasha moto, moja kwa kila silinda. Nazo zikifa mbili au tatu, lori huwaka kwa kukohoa na moshi mweupe, kisha hutulia lipatapo moto. Zipimwe kwa taa ndogo na waya wa betri. Wengine hupuliza etha katika njia ya hewa ili kulishurutisha lori. Hatulipendi jambo hili. Penye plagi za moto etha yaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kupasua pistoni, au kumwunguza anayeipuliza.

Malori mapya yenye kompyuta huweka mafuta katika bomba moja la pamoja kwa nguvu ya bar 1,600, hata 2,000 na zaidi. Jaribio la kulegeza nati za nozeli lisifanywe kabisa katika malori hayo; laweza kuua. Lakini tangi, tundu la hewa, chujio, maji na ufa wa mpira ni mambo yale yale, nayo yatazamwe kwanza, kabla ya kumwita mwenye kompyuta ya kusoma makosa.

Fundi akija, wazee wamwulize maswali matatu bila ukali: mafuta yafika katika nozeli? Umejaribu kwa dumu? Umejuaje ya kuwa pampu ndiyo mbovu? Fundi wa kweli hakasiriki kwa maswali hayo, bali hufurahi kupata watu wanaosikia. Na kitu chochote kilichobadilishwa kirudishwe kwa baraza, kikae mezani pamoja na hati ya malipo.

Katika sanduku la lori na mkae chujio moja jipya, mpira wa mafuta kiasi cha mita moja, vibanio vinne, washa za shaba, spana za namba 10 mpaka 19, chupa ya kioo, na daftari ambalo dereva ataandika tarehe ya kila chujio na mahali mafuta yaliponunuliwa. Na wale wanaoweka mafuta katika mapipa, pipa na lifungwe vizuri, maji ya mvua yasikae juu ya kizibo, liinamishwe kidogo na kuachwa siku moja kabla ya kuchotwa. Mpira wa kuchotea usifike chini. Yale yanayobaki, kiasi cha vidole vinne, yasitiwe tangini. Yatafaa kuoshea vyuma.